Mama Aweke Kidole

Nilimdhania mtu wa kutafuta makosa. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu nikilichelewesha nitalipamba, na nimekuwa mhariri miaka ya kutosha kujua jinsi mtu anavyoweza kulipamba kosa lake hadi likafanana na busara. Nilidhani anatafuta kuonekana. Nilidhani amesoma karatasi moja ya wageni ikamlevya. Nilidhani pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba jambo lenyewe halikuwa jambo.

Ofisini tulimwita Bi Mlezi. Jina hilo nililitunga mimi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama ya mtu aliyezoea kuzungumza kupitia tundu la dirisha. Na kweli, kabla hajaja kwetu alikuwa amekaa miaka tisa nyuma ya dirisha la usajili katika kliniki ya watoto. Ofisi yetu ilikuwa vyumba vinne vya ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako mlio wa mabati yakipakuliwa ulitukatiza mazungumzo kila asubuhi. Tulitengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya zahanati na kliniki, na kila programu ilitoka na kitabu chake cha maelekezo: bonyeza hapa, andika pale, usizime kabla ya kuona alama ya kijani. Yeye aliviandika vitabu hivyo. Mimi nilivihariri na kuvipitisha kwa saini yangu.

Alikuwa na namna yake ya kuipima kazi. Akimaliza sura, alimwita mzee wa usafi, akamketisha mbele ya mashine na kumpa karatasi.

“Baba, fanya kama inavyosema. Usinihurumie.”

Mara moja ilikuwa sura ya mashine ya kuchapia. Mzee alisoma kwa sauti, neno kwa neno, “Toa karatasi iliyokwama,” kisha akaweka mikono magotini na kutulia.

“Mbona hutoi?”

“Haijasema nifungue mfuniko, mwanangu. Hukunitaka nitumie akili, ulinitaka nitumie karatasi.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alichukua penseli yake na kuandika ukingoni, huku akisema taratibu, “Kosa langu, baba. Mtu akiwa dirishani na foleni imefika barabarani, hafikiri, anafuata.” Nililisikia neno hilo nikaliona la kawaida. Leo ningelitundika ukutani.

Sharti nieleze pia utaratibu wetu, kwa kuwa bila huo yaliyotokea yasingetokea. Kwingine programu hutengenezwa kwanza, kisha hutafutwa mtu wa kuieleza. Sisi tuliugeuza mpangilio huo. Kitabu kiliandikwa kwanza, nikakitia saini, ndipo mtengeneza programu akaifanya kompyuta itii kila sentensi iliyomo. Kilichokuwamo kitabuni kilikuwapo duniani, kisichokuwamo hakikuwapo. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na niliusifia katika mikutano miwili, kwa maelezo marefu.

Basi tukapewa kazi ya programu ya kuwasajili watoto wachanga. Wageni waliotupa kazi hiyo waliambatisha kurasa mbili zinazotaka nyaraka zisimbague mwanamume wala mwanamke. Nilizisoma nimesimama. Kikaoni nikasema:

“Hii haituhusu. Wenzetu wana taabu yao, lugha yao inawalazimisha wachague mume au mke kila wanapomtaja mtu. Sisi tunasema ‘amekuja’, na hakuna anayejua kama ni bwana au bibi. Tumemaliza kazi kabla ya kuianza.”

Nilikuwa nimesomea lugha chuo kikuu, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana na shahada yangu. Ila yeye aliinua penseli.

“Ukurasa wa kumi na saba, Mhariri.”

“Una nini?”

“‘Mama aweke kidole gumba cha kulia juu ya kioo.’ Nimeandika mwenyewe, juzi, bila kufikiri. Nimeanza kuhesabu. Mama yupo mara arobaini na moja. Baba hayupo hata mara moja. Daktari kila mahali ni bwana daktari, na anayefuta meza ni dada.”

“Sasa mtoto ataletwa na nani,” akauliza mhasibu wetu, mama wa makamo asiyependa vikao virefu, “shemeji wa jirani?”

“Ataletwa na aliye naye, dada.”

“Nani kama mama?”

“Sijasema yupo kama mama. Nasema nimekaa dirishani miaka tisa. Nimeona akina baba, nimeona mabibi, nimeona mjomba mtu kamfunga mtoto kifuani na shati. Tuandike ‘mlezi’, yatosha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata waliotunga methali hawakusema mama.”

“Na wewe unaujua?” nikamwuliza.

Kila mtu chumbani alifahamu kwamba hakuwa na mtoto. Nilisikia mtu mmoja akivuta kiti. Yeye aliiweka penseli mezani polepole, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa.

“Siujui, Mhariri. Ndiyo maana nimeuliza.”

Wakati wa chai nikamwita Bi Mlezi, nikapata kicheko changu, na jina likamganda. Sentensi ya ukurasa wa kumi na saba nikaiacha ilivyo. Nilisema tutaiangalia katika toleo lijalo, nikatia saini.

Mtengeneza programu wetu alikuwa mwanamke mkimya tuliyemwita Mama Mapacha, kwa kuwa alikuwa nao. Alifanya alivyoambiwa na kitabu. Palipoandikwa mama, kompyuta ilidai mama: ukurasa wa mleta mtoto haukufunguka mpaka iandikwe “mwanamke”, na alama ya kidole haikupokelewa mpaka ukurasa ufunguke. Baada ya miezi minne programu ikapelekwa kwenye kliniki ya kwanza kwa majaribio, na bahati mbaya haina macho, kliniki hiyo ilikuwa ile ya mtaani kwa Bi Mlezi.

Alikuwa akiishi na kaka yake, kinyozi, katika vyumba viwili vilivyo nyuma ya kibanda cha kunyolea. Mke wa kinyozi alikuwa amefariki siku tatu baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mambo hayo ofisini tuliyajua kama mambo ya ofisini yanavyojulikana: tulikuwa tumetoa pole, tukarudi kwenye meza zetu. Sikuyaunganisha na ukurasa wa kumi na saba hata kidogo, mpaka siku alipomleta yule kaka yake mbele yangu.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye nywele za wateja kwenye mikunjo ya shati. Mtoto alikuwa amelala begani mwake na ute umelowesha kola.

“Shikamoo, mzee,” akasema, ingawa tulikaribiana umri.

“Marahaba. Karibu.”

“Mimi kompyuta siijui. Dada kaniambia nije nieleze mwenyewe. Pale dirishani wameniambia kalete mama. Nikasema mama yake ni marehemu. Wakasema pole sana, basi lete mwanamke.”

“Mwanamke yeyote?”

“Yeyote. Kuna mama mmoja anauza vitambaa vya kubebea watoto pale nje akajitolea, eti, ‘Lete nikuwekee, baba, nimeshawawekea wawili leo.’ Nikakataa. Mzee, mtu hagawi mtoto kama kiberiti.”

Nilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, kwa adabu. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni akinitazama mimi, si yeye.

“Bila kusajiliwa hapati kadi,” akasema Bi Mlezi, “na bila kadi hapati chanjo. Ana miezi minne na nusu. Mhariri, badilisha hayo maneno. Nipe wiki moja. Nitapita sehemu zote arobaini na moja.”

“Kwa nini usiweke wewe kidole? Wewe ni shangazi yake.”

“Kompyuta haitaniandika shangazi. Itaniandika mama. Na huyu hapa,” akamgusa kaka yake begani, upande usio na mtoto, “atakuwa mpita njia.”

Ningependa kusema kwamba nilitafakari. Nilimweleza tu kuwa toleo limeshapitishwa, kwamba kukibadili kitabu ni kuibadili programu, na kwamba kliniki kumi na mbili zilikuwa zikisubiri. Hayo yote yalikuwa na sura ya kweli. Nina watoto watatu, na wote walibebwa kliniki na mama yao. Sikuwahi hata mara moja kusimama kwenye foleni ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekitandika kitanda hicho kwa ajili ya wengine.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, watu walipokwenda kula, alikifungua kitabu kwenye kompyuta na kuyabadilisha maneno yote arobaini na moja bila idhini. Jumatatu nikayaona. Kila mahali “mlezi”, safi, sentensi zimekaa sawa kuliko zilivyokuwa, hata nami nililiona hilo. Nikayarudisha yote kama yalivyokuwa. Ilinichukua dakika chache. Kisha nikamwandikia barua ya onyo, na nakumbuka niliisoma mara mbili kwa kuridhika, kwa jinsi ilivyopangika. Sikutumia neno kali hata moja.

Aliipokea kwa mikono miwili.

“Asante, Mhariri. Nukta zote ziko mahali pake.”

Sikujua kama ni dhihaka. Mpaka leo sijui.

Siku ya tatu alikuja na kusimama mbele ya meza yangu.

“Nimeweka kidole.”

“Umefanya vyema. Tatizo limekwisha.”

“Halijakwisha. Limehamia kwangu. Sasa mimi ndiye niliyemzaa, na kaka yangu hayupo.”

Miezi iliyofuata aliniuliza kuhusu toleo lijalo kila mwisho wa mwezi, kisha mara moja moja, kisha akaacha. Nilifurahia kuacha kwake, nilidhani ameelewa. Aliendelea kuandika, lakini alikuwa haandiki tena pembeni mwa karatasi. Mzee wa usafi hakuitwa tena kupima sura yoyote. Siku moja aliniuliza, akiwa ameegemea ufagio, “Bosi, binti yangu nimemkosea nini? Haniiti.” Nikamjibu kwamba kazi zimemzidi. Uso wa Bi Mlezi ulikuwa umeanza kuvimba kila asubuhi, na tulidhani halali vizuri. Ilikuwa figo.

Nilimtembelea hospitali mara moja. Chumba kilikuwa na vitanda sita, na chake kilikuwa karibu na mlango, ambako kila aliyepita alikigonga kwa kiuno. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye stuli na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa akijaribu kumvua baba yake saa.

“Toleo lijalo ni lini?” akaniuliza Bi Mlezi, kabla hata sijamaliza kumpa pole.

“Mwezi ujao.”

“Tarehe.”

Nikataja tarehe. Niliitunga pale pale, na niliitunga vizuri, siku ya Jumanne, kwa sababu Jumanne husikika kama siku ya kazi. Akamwomba kaka yake aiandike nyuma ya bahasha ya dawa. Kinyozi akaiandika kwa herufi kubwa, akaupepea wino ukauke. Tarehe hiyo ilipofika, sisi tulikuwa na siku nane tangu tumzike.

Sasa ndipo programu yetu ikaonyesha uhodari wake. Hospitali na kliniki zilikuwa zimeunganishwa. Hiyo ndiyo sehemu tuliyoisifu zaidi. Taarifa ya kifo ilitoka wodini ikaingia kwenye kila kumbukumbu iliyokuwa na jina la marehemu. Kinyozi alipompeleka mtoto kwa chanjo ya mwaka mmoja na nusu, karani alitazama skrini, akamtazama yeye, akasema kwa huruma ya kweli kwamba mtoto huyu ni yatima na hana mlezi, na kwamba yeyote aliye naye anatakiwa kwenda naye ofisi ya ustawi wa jamii.

Alinijia mimi. Sikuwa na kazi nyingine niliyoweza kuitanguliza mbele ya hiyo, nikaenda naye.

Afisa wa ustawi alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye meza iliyopangwa. Kitabu chetu kilikuwa mbele yake, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki ili kisichakae.

“Una hati gani, baba?” akamwuliza.

Kinyozi akatoa karatasi ya hospitali ya siku aliyozaliwa mtoto. Ilikuwa na jina la mke wake. Afisa akailinganisha na skrini.

“Hapa mama ni mwingine.”

“Huyo wa kwenye kompyuta ni dada yangu. Alimwekea kidole tu.”

“Mama wa kwenye kompyuta ni huyu, naye amefariki. Mama wa kwenye karatasi yako ni yule, naye umesema amefariki. Baba, karatasi hii ni ya mtoto mwingine.”

“Ni ya huyu.”

“Sisemi unadanganya. Nasema ninavyoona.”

“Hebu msikilize anavyoniita.”

Mtoto, aliyekuwa amekishika kidevu cha baba yake kwa mikono yote miwili, kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amenyamaza.

“Akina baba wengi huitwa baba na watoto wasio wao,” akasema afisa, bila ubaya. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na saba na kutugeuzia. “Sisi tunafuata mwongozo. Mwongozo ungesema mlezi, ningekuwa na pa kukuweka. Hapa pameandikwa mama.”

Nilijitambulisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyeipitisha sentensi hiyo, na kwamba haikukusudia hivyo, ilikuwa ni namna ya kusema tu. Alirudi ukurasa wa mbele, akaiona saini yangu, akanitazama kwa heshima aliyokuwa amewatazama nayo wote walionitangulia.

“Basi wewe, mzee, ndiye wa kunisaidia. Niletee toleo lenye neno jingine. Kwa sasa, huyu bwana aende mahakamani aombe kumlea.”

“Kumlea mwanangu?” akauliza kinyozi.

“Kumlea mtoto huyu.”

Tulishuka ngazi. Barabarani alisimama kumfunga mtoto kamba ya kiatu, akachukua muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji. Sikuthubutu kuinama kumwona uso.

Maombi yake yalipokelewa, yakapewa namba, yakaahirishwa. Yalipoitwa tena yakaahirishwa tena, kwa kuwa alihitajika shahidi wa upande wa mama, na mama kwa mujibu wa kumbukumbu ni dada yake mwenyewe, jambo lililomshangaza hakimu zaidi ya lilivyomhuzunisha. Mtoto hakupata chanjo ya mwaka mmoja na nusu. Katika miezi hiyo aliugua surua, akapona, ila sikio moja halisikii. Kinyozi aliniambia hayo akiwa ananinyoa, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kwenda kwake, kwa sababu nisizoweza kuzitetea. Alininyoa kwa uangalifu uleule anaowanyoa wengine.

“Geuza kichwa kidogo, mzee. Hivyo hivyo. Dada alikuwa akikusifu sana, wajua? Alisema katika ofisi nzima wewe peke yako ndiye unayesoma kila neno.”

Niligeuza kichwa. Wembe ulikuwa shingoni mwangu.

Nilianza toleo jipya wiki hiyo. Nilikaa na kitabu na kuyatafuta yale maneno arobaini na moja, na kila nilipobadilisha moja niliona kwamba nafuata nyayo za mtu, kwa sababu njia nzuri ya kuijenga kila sentensi ilikuwa ileile aliyoichagua yeye ile Ijumaa, nami nilikuwa nimeifuta. Nilipomaliza, nikaenda kwa Mama Mapacha kumwuliza itamchukua muda gani kuibadilisha programu iendane na kitabu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia miezi mitatu, na nadhani nilitamani iwe miezi mitatu.

Aligeuza skrini upande wangu, akaandika kitu kifupi, na ukurasa wa mleta mtoto ukafunguka ukiwa na nafasi ya mlezi, mwanamume au mwanamke, na mstari wa kuandika uhusiano wake na mtoto: baba, shangazi, bibi, mjomba, mwingine. Ilikuwa kamili. Nikamwuliza ameitengeneza lini.

“Wiki ya kwanza,” akasema. “Mimi nililelewa na babu. Nilipoitengeneza nikaona kitabu chako hakikuitaja, nikaifunika.”

“Bi Mlezi alijua?”

“Alijua. Siku ile aliyokuja na kaka yake alipitia kwangu kwanza, akaniomba niifunue. Nikamwambia alete saini yako.”